Tanzia Katika Santuri: Siti binti Saad na Wimbo wa Kijiti

Wapenzi wa muziki wa Ulaya wakiulizwa ni santuri ipi ya opera iliyo bora kupita nyingine, wengi wao hutaja Tosca iliyotiwa katika santuri kwenye jumba la La Scala, mjini Milano, mwezi wa Agosti mwaka 1953. Opera ni mchezo wa kuigiza ambao maneno yake huimbwa. Tosca ilitungwa na Giacomo Puccini, ikachezwa kwa mara ya kwanza mjini Roma mwezi wa Januari mwaka 1900, na kisa chake ni cha mauti. Mkuu wa polisi anamtamani mwimbaji mmoja wa kike, Floria Tosca. Anamtesa mpenzi wa mwimbaji huyo ili apate anachokitaka. Anaahidi ya kuwa mpenzi atapigwa risasi za uongo, kumbe risasi ni za kweli. Tosca anamwua mkuu wa polisi kwa kisu. Kisha, aonapo ya kuwa mpenzi wake amekufa, anajitupa kutoka juu ya ngome. Katika santuri ya mwaka 1953 sehemu ya Tosca iliimbwa na Maria Callas, mwanamke wa asili ya Kiyunani aliyezaliwa New York mwaka 1923, mwenye sauti ya juu ya kike iitwayo soprano. Wapo waliomlaumu kwa ukali wa sauti yake. Lakini alijua kulifanya neno lisikike kama lililotoka katika kinywa cha mtu aliye hatarini kweli.

Nimeanza Milano kwa makusudi. Wanafunzi wetu wa fasihi hufundishwa ya kuwa tanzia ni mali ya Wayunani wa kale, ikarithiwa na mataifa ya Ulaya, na ya kuwa Mswahili aliipokea ikiwa imekwisha kupikwa. Neno lenyewe lachangia dhana hiyo. Kwa matumizi ya kila siku tanzia ni habari ya kifo: barua, au tangazo lisomwalo redioni, lenye jina la marehemu, majina ya jamaa zake na mahali pa maziko. Wahakiki walilichukua neno hilo wakalipa kazi ya pili, ya kutaja mchezo wa msiba. Sioni ubaya wa jambo hilo. Lakini naona ya kuwa maana ya kwanza ina haki zaidi kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu msiba ulioimbwa kwa Kiswahili zaidi ya miaka 20 kabla ya Callas kuingia La Scala haukuwa kisa cha kubuni. Ulikuwa habari ya kifo cha mtu.

Nakusudia wimbo wa Kijiti, na mwimbaji wake, Siti binti Saad wa Unguja. Nauandika waraka huu Musoma, mbali na pwani, katika nchi ambayo Kiswahili kilifika kama mgeni. Na umbali huo, kama tutakavyoona, una sehemu yake katika habari yenyewe.

Siti alizaliwa Fumba, katika kisiwa cha Unguja, yapata mwaka 1880. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa Mtumwa, na halikuwa jina la mzaha. Baba yake alikuwa Mnyamwezi kwa asili, na mama yake Mzigua. Wote wawili walizaliwa Unguja, katika jamaa za watu waliofikishwa huko na utumwa. Utumwa ulipigwa marufuku Unguja mwaka 1897, naye Mtumwa alikuwa amekwisha kuwa binti mkubwa. Mama yake alikuwa mfinyanzi. Binti alijifunza kazi hiyo, akawa akichukua vyungu kwenda kuviuza, akivinadi njiani kwa sauti ambayo watu walianza kuitambua kabla ya kumwona mwenyewe. Yapata mwaka 1911 alihamia mjini. Huko alikutana na Ali Muhsin, aliyemfundisha kuimba na kupiga ala, na baadaye akajiunga na wanamuziki ambao majina yao yafaa yasisahauliwe: Subeti bin Ambar, Buda bin Swedi, Mwalimu Shaban na Mbaruk Talsam.

Taarabu waliyoikuta haikuwa yao. Seyyid Barghash, aliyetawala Unguja tangu mwaka 1870 hata 1888, ndiye anayetajwa kumpeleka Mohammed Ibrahim Misri kujifunza kupiga kanuni, na kwa muda mrefu muziki huo ulikuwa starehe ya jumba la mfalme na ya mabwana waliokuwa karibu nalo. Chama cha Ikhwani Safaa kiliundwa mwaka 1905, na lugha iliyoheshimiwa katika nyimbo ilikuwa Kiarabu. Siti naye aliimba Kiarabu, wala hakukionea haya. Lakini sifa yake ilitoka katika Kiswahili, katika maneno ambayo mchukuzi wa bandarini na mpishi wa nyumba ya bwana waliyafahamu bila ya mkalimani. Walikuwako waliomtungia wimbo wa kumdhihaki, wakiuliza alikuwa mtu tangu lini, yeye aliyeingia mjini amevaa kaniki, nguo ya watumwa na ya watu wa shamba. Akawajibu kwa wimbo ya kuwa uzuri wa sura na fahari ya ukoo si hoja, kilicho hoja ni akili. Jibu hilo lilikaa katika vinywa vya watu kuliko dhihaka yenyewe. Na mtu aliyeitwa Mtumwa akawa anaitwa Siti, yaani bibi mheshimiwa.

Mwaka 1928 Siti na wenzake walipanda meli kwenda Bombay, wakaitiwa huko na kampuni ya Gramophone ya Uingereza, ile yenye nembo ya mbwa anayesikiliza tarumbeta. Yafaa tuieleze kazi yenyewe, maana ndani yake mna sababu za mambo mengi.

Callas aliimba mbele ya mashine zilizonasa sauti katika mkanda wa sumaku. Mkanda hukatwa na kuunganishwa. Sehemu iliyoharibika huimbwa tena, mara kumi au mara ishirini, mpaka ipatikane ile inayotakiwa, kisha huungwa na nyingine. Mwongozaji wa muziki, Victor de Sabata, na msimamizi wa kazi, Walter Legge, hawakuwa watu wa kuridhika upesi, na tunachokisikia leo kama pumzi moja ni pumzi za siku nyingi zilizoshonwa pamoja. Hapana kosa katika jambo hilo. Seremala naye huunga mbao.

Siti hakuwa na mkanda. Mwaka 1928 maikrofoni ilikuwa imekwisha kuingia katika kazi hiyo, yapata miaka mitatu tu iliyopita. Kabla yake mwimbaji aliimba ndani ya tarumbeta kubwa kama mtu anayeita kisimani. Maikrofoni iliokoa ulaini wa fidla na wa udi, na iliokoa pumzi ya mwimbaji. Lakini sauti ilichorwa papo kwa papo katika bamba la nta lililokuwa likizunguka, na nta haifutiki wala haiungwi. Akikosea mmoja, wote huanza upya, katika bamba jipya. Tena santuri ya siku zile, iliyofanywa kwa lakiri, ilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande wake mmoja ulichukua dakika tatu au zaidi kidogo. Wimbo wa taarabu, uimbwapo usiku nyumbani kwa watu, hauna haraka. Ubeti hurudiwa, msikilizaji akiguswa huinuka kwenda kutuza, mpiga fidla huzunguka na sauti moja mpaka airidhie. Hayo yote hayakuwa na nafasi Bombay. Palibaki maneno, na muziki wa kutosha kuyachukua.

Hiyo ilikuwa hasara. Lakini naamini ya kuwa ilikuwa faida pia kwa nyimbo za habari, kwa kuwa wimbo wa namna hiyo hukazwa ukibanwa. Wimbo wa mapenzi hudai muda. Wimbo wa mauaji wafaa uwe mfupi, kama ushahidi.

Yatajwa ya kuwa hata kufikia mwaka 1931 santuri zilizouzwa zilifika 72,000. Msomaji azingatie maana ya hesabu hiyo katika nchi ambayo wengi hawakuwa na gramafoni. Mashine moja ilisikilizwa na mtaa mzima. Haikuhitaji umeme, ilizungushwa kwa mkono. Ilikuwa mali ya mwenye mkahawa au mwenye duka, na waliokaa nje barazani walisikia sawasawa na waliokaa ndani.

Sasa tuingie katika Kijiti.

Habari yake ni hii. Mwanamke mmoja alitoka Dar es Salaam kuja Unguja kutembea. Alikuwa mja mzito. Akiwa pamoja na wenyeji wake, wanawake wenzake, alichukuliwa kwenda matembezi ya ngoma na mwanamume aliyeitwa Kijiti. Kijiti akamtenga na wenziwe, akaenda naye vichakani, akamwingilia kwa nguvu, na mgeni akarudishwa maiti. Kijiti akatoroka, akavuka kwenda bara. Kesi ikafika mbele ya jaji, kwani Unguja ilikuwa chini ya himaya ya Waingereza tangu mwaka 1890. Na wanawake wawili waliosimama kutoa ushahidi, kama isimuliwavyo, walijikuta wao ndio wenye makosa, kwa sababu ya kileo kilichonunuliwa kwa ajili ya matembezi yale. Jaji aliwatukana kwa Kiingereza, na tusi lenyewe likaingia katika wimbo kwa matamshi ya Kiswahili. Mashahidi wakafungwa. Muuaji yuko ng'ambo ya bahari, huru.

Wimbo wayaeleza hayo kwa beti fupi. Waanza kwa kuwaita watu watazame. Neno hilo la kwanza lastahili kuangaliwa, kwa maana msikilizaji wa santuri hana cha kutazama. Mbele yake liko sanduku na bamba jeusi linalozunguka. Mwimbaji amwamuru aone kwa sikio. Naye, kama ana moyo, huona. Kisha wimbo wataja mchezo ambao Kijiti alijifanya kumchezesha mgeni, nao ni mchezo wa watoto wa kukimbizana. Na mara, bila ya daraja lolote, mchezo umekuwa mauti. Callas angepewa kitendo kizima cha opera ili apite kutoka jambo moja hadi la pili. Siti alipewa mshororo mmoja.

Kwa nini naiita tanzia, nisiseme tu ya kuwa ni wimbo wa maombolezo? Maombolezo hulia kifo. Tanzia, kama nionavyo mimi, hulia kifo kilicholetwa na kile kilichowekwa kukizuia. Mgeni katika desturi za pwani, na katika desturi za kwetu Mara vilevile, ni amana. Mwenyeji humtangulia njiani ili asijikwae. Hapa ugeni ndio uliokuwa mtego, kwa maana mwenyeji angalijua vichaka na mgeni hakuvijua. Tena mahakama iliwekwa ili mdhulumiwa apate pa kusemea, nayo ikawafunga wale waliosema. Mtu aweza kuhoji ya kuwa mkuu wa polisi katika Tosca ni mfano wa jambo hilohilo, sheria ikiwa mikononi mwa mdhalimu, na mimi nakubali. Lakini tofauti ni kubwa. Yule mkuu wa polisi hufa. Tosca humchoma kisu mbele ya macho yetu, na ijapokuwa mwisho wake mwenyewe ni mbaya, watazamaji hurudi nyumbani wakijua ya kuwa deni moja limelipwa. Katika Kijiti halilipwi deni lolote. Jaji hachomwi kisu. Hata kumfukuza muuaji hakuwezekani.

Kilichobaki ni apizo. Mwishoni wimbo wamgeukia Kijiti mwenyewe na kumsemesha kama aliyesimama mlangoni: wampa wasia asithubutu kukanyaga Dar es Salaam, maana huko atamkuta anayemngoja na wembe, na wamwombea maradhi mazito kwa Mwenyezi Mungu. Wasomaji wengine wameliona apizo hilo kuwa ni hasira tu za wanyonge. Mimi naona ndani yake jambo la busara zaidi, na ndilo kiini cha waraka huu. Hati ya kukamatwa kwa Kijiti haikumrudisha. Serikali ilikuwa ya Waingereza Unguja, na ya Waingereza Tanganyika pia, lakini mtu alivuka maji akapotea. Santuri nayo ilivuka maji yaleyale. Ilishushwa katika bandari zilezile, ikauzwa katika maduka ya mtaani, ikazungushwa barazani mwa watu ambao huenda walikuwa wakimpokea Kijiti kama mgeni wao. Wimbo uliomwambia asiende Dar es Salaam ulikuwa unaimbwa Dar es Salaam. Basi, kile ambacho mahakama haikukifanya, yaani kulifikisha jina la mtu mahali alipojificha, kilifanywa na bamba la lakiri.

Na njia haikuishia pwani. Mwaka huohuo wa 1928, Siti alipokwenda Bombay, reli kutoka Tabora ilifika Mwanza. Kabla ya hapo bidhaa za ng'ambo zilizokuja pande zetu zilipitia zaidi Mombasa na Kisumu, ambako reli ilifika mwaka 1901, kisha zikapakiwa katika meli za Ziwa Viktoria. Tangu mwaka 1928 mzigo uliotoka Dar es Salaam uliweza kufika Mwanza kwa gari la moshi, ukaingia melini, ukashushwa Musoma. Maduka ya Wahindi yalikuwako. Mtu aliyeshuka kutoka Butiama, au aliyekuja kwa njia ya Bunda kuuza ngozi au pamba, alikutana katika mji huo na Kiswahili, lugha ya soko, ya boma na ya shule. Nyumbani aliacha Kizanaki, Kijita, Kiikizu au Kikurya. Nyimbo za lugha hizo zilikuwa na nguvu yake mwenyewe. Mpigaji wa litungu kwa Wakurya, mwenye nyuzi zake nane, humtaja mtu kwa jina, akamsifu au akamfedhehesha mbele ya watu wanaomjua baba yake na babu yake. Aibu ya litungu ni kali kwa kuwa waliopo wote wanajua inamhusu nani. Lakini akihama mtu huyo, akapita milima miwili, aibu hukaa nyuma. Nyuzi nane hazifiki.

Hapo ndipo santuri ilipobadili mambo. Msikilizaji wa Musoma hakumjua Kijiti, hakuijua Chukwani ambako ngoma ile yatajwa kuwa ilikuwako, wala hakuwajua mashahidi. Alikuwa na lugha tu, tena ya kujifunza. Lugha hiyo ilitosha. Katika mabishano yetu juu ya kuenea kwa Kiswahili tumezoea kuhesabu shule, misheni, jeshi na siasa. Nadra kutajwa nyimbo. Sisemi ya kuwa Siti aliwafundisha watu wa Mara Kiswahili. Nasema ya kuwa aliwapa sababu ya kukitaka, kwa kuwa alionyesha ya kuwa lugha ya kodi na ya cheti yaweza pia kumlilia mwanamke asiye na mtu.

Kuna jambo jingine linalonivuta kutazama upande wa Butiama. Mwaka 1934 kijana mmoja wa Kizanaki, mwenye umri wa miaka 12, aliingia shule ya Mwisenge hapa Musoma, na hapo ndipo alipoanza kujifunza Kiswahili. Ndiye Julius Nyerere. Miaka 29 baadaye, akiwa Rais wa Tanganyika, alitoa tafsiri ya tamthilia ya Shakespeare juu ya kuuawa kwa Julius Caesar, akaisahihisha na kuitoa tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Nadhani hapana haja ya kutafuta uhusiano wa siri baina yake na Siti, haupo. Lakini tazama katikati ya tamthilia hiyo ya Kirumi. Brutus awaeleza watu kwa hoja kwa nini Kaizari alistahili kufa, nao wanakubali. Kisha Antonio aleta maiti. Aifunua nguo iliyotobolewa, aonyesha jeraha baada ya jeraha, na hoja za Brutus zinayeyuka. Antonio naye, kama Siti, huanza kazi yake kwa kuwafanya watu watazame. Tofauti ni ya kuwa Antonio ni mjanja, ana haja zake, na mwisho wa hotuba yake mji unachomwa moto. Maiti ya Kaizari ilikuwa na msemaji mwenye jeshi. Maiti ya yule mgeni ilikuwa na mwimbaji aliyekuwa muuza vyungu.

Mfano wa Antonio watupasa kuuliza swali lisilo tamu. Ikiwa hotuba moja juu ya maiti yaweza kuuchoma mji, je, wimbo unaomtaja mtu kuwa muuaji kabla ya mahakama kumtia hatiani ni haki? Wimbo hauulizwi maswali na wakili. Mtu aliyetajwa hana nafasi ya kujitetea. Na kwa kuwa santuri hairekebishwi, kosa likiingia ndani yake litazunguka mara 78 kwa dakika milele. Nimelifikiri swali hili kwa muda mrefu, na sitaki kulipita kwa haraka. Kwetu Mara twajua madhara ya uvumi: watu wameuawa kwa sababu ya jina lililosemwa mahali pabaya. Lakini Kijiti si uvumi. Wimbo wataja waliokuwapo, wataja yaliyosemwa mahakamani na aliyeyasema, na mashahidi wake wamekwisha kulipa kwa kifungo. Mvumishaji huficha alikopata habari; wimbo huu wafanya kinyume chake. Kwa hiyo mimi nauhesabu kuwa ushahidi uliokataliwa mahali pake, ukatolewa mahali pengine.

Wako pia wanaousikiliza wimbo huu kama onyo kwa wanawake: asitoke usiku, asiende ngomani, asikubali kuandamana na mwanamume asiyemjua. Mzazi aweza kuutumia hivyo, na nina hakika umetumiwa hivyo. Hata hivyo maneno hayawapi kazi hiyo. Tangu mshororo wa kwanza lawama ni ya Kijiti, kwa jina lake, na haihamishwi. Aliyeihamisha lawama kuwapa wanawake ni jaji. Mwalimu anayewafundisha wasichana wimbo huu kwa njia ya onyo ajue ya kuwa amekaa katika kiti cha jaji, na si katika safu ya waimbaji.

Lakini upo upungufu mmoja katika wimbo wenyewe. Jina la muuaji limo. Mashahidi wametajwa. Mwanamke aliyeuawa aitwa mgeni tu. Floria Tosca, ambaye hakuishi kamwe, ana jina linalojulikana dunia nzima. Na mwanamke huyu aliyeishi, aliyepanda chombo kutoka Dar es Salaam akiwa na mtoto tumboni, amebaki bila jina katika kumbukumbu iliyofanywa kwa ajili yake. Huenda ilikuwa heshima, maana watu wa pwani huona haya kulitaja jina la mwanamke aliyefanyiwa ubaya. Huenda ni matokeo ya ugeni wake: mtaa ulimjua Kijiti, haukumjua yeye. Yote mawili yafahamika. Lakini tukirudi kwenye maana ya kwanza ya neno tanzia, lile tangazo la redioni, jina la marehemu ndilo lisomwalo mwanzo.

Siti alifariki tarehe 8 Julai mwaka 1950. Shaaban Robert alimwahi kabla ya kufa, akauandika wasifu wake, uliotoka mwaka 1958. Na bila ya kazi hiyo tungalikuwa na sauti isiyo na maisha. Mwaka 1988 waandishi wa habari wanawake wa Tanzania walipoanzisha jarida lao waliliita Sauti ya Siti. Wimbo wa Kijiti ulipokewa na Fatuma binti Baraka, aitwaye Bi Kidude, aliyejifunza kwa kumsikiliza Siti, akaendelea kuuimba hata uzee wake mkubwa, katika miji ya Ulaya na kwingineko, mbele ya watu ambao hawakulijua neno hata moja. Alifariki tarehe 17 Aprili mwaka 2013. Sauti yake ilikuwa nzito na yenye makwaruzo, mbali kabisa na ile ya juu iliyomo katika santuri za mwalimu wake. Mtu akizisikiliza zote mbili kwa kufuatana, jambo linalowezekana siku hizi hata hapa Musoma kwa simu ya mkononi, atasikia katika ile ya zamani ukwaruzaji wa sindano, fidla iliyo mbali kidogo, na mwimbaji anayetamka kila silabi kwa uangalifu, kama aliyeambiwa ya kuwa bamba ni moja na muda ni mfupi. Apizo huja mwishoni. Baada yake muziki huendelea kidogo, kisha sindano hufika katika mfereji wa mwisho na kuzunguka hapo mpaka mtu ainuke kuiondoa.